JE, ARUDIYE NJIANI NI MWOGA?

Mwezi ujao chama chetu cha matembezi kitafanya mkutano wake wa mwaka, na jambo moja litakalojadiliwa ni kanuni ya beji. Kanuni yenyewe ni fupi. Yasema kwamba mwanafunzi atakayekwenda kwa miguu kutoka Port Bell mpaka Jinja kwa siku tatu atapewa beji, na asiyefika hapati. Kanuni hii tumeirithi kwa kaka zetu waliotutangulia katika shule hii, na wengi wao wanaipenda mpaka leo. Mimi naomba ibadilishwe, na hapa nataka kueleza kwa nini. Nasema mapema kwamba beji ninayo, tena nimekwenda mara mbili na kufika mara mbili. Kwa hiyo sijiombei kitu.

Kwa wale wasioijua njia hiyo, ni mwendo wa yapata kilomita 80. Twaondoka hapa ziwani alfajiri, twapanda Luzira mpaka Nakawa, na usiku wa kwanza twalala Mukono. Usiku wa pili twalala Lugazi. Siku ya tatu twapita msitu wa Mabira, na jioni twavuka mto Nile na kuingia Jinja. Barabara kuu twaikwepa kila tuwezapo, maana malori hayana huruma kwa mtu wa miguu. Twafuata njia za vumbi zipitazo katikati ya migomba na mihogo. Kila mtu hubeba blanketi lake, maji yake na chakula chake.

Safari hufanywa katika likizo ya mwisho wa Agosti, na wakati huo una mambo mawili. La kwanza, kiangazi kinakwisha. Wakulima wanasafisha mashamba kwa moto ili wapande, na mabondeni majani na mafunjo yaliyokauka hushika moto na kufuka kwa siku nyingi. La pili, mvua zinarudi, na mvua zetu za kandokando ya ziwa haziji kwa upole. Zaja na upepo na radi. Basi msafiri aweza kuvuta moshi asubuhi na kunyeshewa mvua ya mawe jioni, siku hiyo hiyo moja.

Moshi nao una tabia yake, na yafaa tuijue. Usiku hewa baridi hushuka mabondeni na kutulia humo kama maji katika bakuli, na moshi hutulia pamoja nayo. Ndiyo sababu alfajiri bonde huwa jeupe kana kwamba limejaa maziwa, hali juu ya kilima hewa ni safi. Jua likipanda na nchi ikipata joto, hewa ile huinuka na moshi hutawanyika. Kwa hiyo mtu aondokaye saa kumi na mbili asubuhi na kuteremka bondeni huukuta moshi katika saa yake mbaya kuliko zote, na mtu yule yule akingoja mpaka saa nne huenda asiukute kabisa. Lakini sisi twaondoka saa kumi na mbili kwa sababu ratiba yasema hivyo, na ratiba hiyo iliandikwa ili tuwahi kufika.

Sasa nieleze yaliyotokea Agosti mwaka huu. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa, na mimi nilipewa kazi ya kutembea nyuma ya wote. Asubuhi ya siku ya pili, tulipokwisha kupita Mukono, tuliteremka katika bonde pana ambalo upande wake mmoja ulikuwa umeungua. Moto wenyewe ulikuwa umezimika, ila mizizi ilikuwa ikifuka chini ya ardhi. Mti uliokuwa hatua hamsini mbele yetu hatukuuona. Katika kundi letu alikuwamo mvulana wa kidato cha pili mwenye pumu. Alianza kukohoa, akatumia dawa yake ya kuvuta, akatembea tena kidogo, kisha akasimama akasema hawezi. Baadhi ya wenzetu walimwambia ajikaze, maana kilima ki karibu. Hakuwajibu, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kujibia. Ndipo mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alipomchukulia mzigo wake, akamwongoza polepole mpaka barabarani, akasimamisha teksi, akarudi naye Mukono kwenye zahanati. Walikaa huko siku nzima. Jioni yule mdogo alikuwa akipumua vizuri, na kesho yake wote wawili wakarudi shuleni.

Sisi wengine tulifika Jinja. Siku ya kugawa beji, kumi na saba walipewa. Yule mdogo hakupewa, na yule aliyemsaidia hakupewa. Hakuna aliyefanya hila. Kanuni ilifuatwa kama ilivyoandikwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba kosa limo katika kanuni yenyewe.

Tufikiri pamoja, ndugu zangu. Kijana yule wa kidato cha nne alifanya jambo ambalo kila mzazi angependa mwanawe afanye. Alikuwa na nguvu, miguu yake ilikuwa mizima, na angeliweza kufika Jinja wa kwanza. Aliacha haya yote kwa ajili ya mwenzake. Chama kikamlipa kwa kumwacha mikono mitupu mbele ya shule nzima. Je, mwakani mtu akiugua njiani, nani atajitokeza kurudi naye? Kila mmoja atamtazama mwenzake. Kanuni ituadhibuyo kwa kumsindikiza mgonjwa yatufundisha kumwacha mgonjwa, hata kama aliyeiandika hakukusudia hivyo.

Kuna ubaya wa pili, nao hauonekani upesi. Mtu ajuaye kwamba akisema "siwezi" atapoteza beji, hasemi. Huficha kikohozi. Mimi niliyetembea nyuma niliwaona watatu wengine wakikohoa katika viganja vyao na kugeuza uso ili kiongozi asiwasikie. Aliye mbele haoni mambo haya. Huona njia, huona kilima, husikia vizuri nyayo zake mwenyewe, akadhani kundi zima li katika hali yake.

Najua jibu la kaka zetu waliomaliza shule. Mmoja wao alikuja siku ya michezo akatuambia kwamba wao walikwenda na viatu vilivyotoboka, wakanyeshewa, wakalala na njaa, na hakuna aliyerudi. Na kwamba beji ikitolewa kwa kila mtu haitakuwa na thamani. Mvumilivu hula mbivu, alituambia. Namheshimu sana kaka huyo, na sehemu ya maneno yake ni kweli. Safari isiyo na taabu haimfunzi mtu kitu. Mimi mwenyewe nimejifunza mengi kwa malengelenge ya miguuni kuliko kwa vitabu kadhaa.

Walakini taabu si za namna moja. Iko taabu imjengayo mtu na iko taabu imwaribuyo tu. Mguu ukisuguliwa na kiatu huota sugu, na mwakani hauumii tena. Bega likibeba mzigo hupata nguvu. Lakini pafu halioti sugu. Moshi wa kuni na majani una chembe ndogo sana, ambazo wataalamu huzipima kwa mikroni 2.5 na chini ya hapo. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko chembe hizo zaidi ya mara 20. Chembe hizi hupita puani na kooni zikaingia ndani kabisa ya mapafu. Leso tufungayo usoni huzuia majivu na vumbi, ila chembe hizo hazizuii. Tena mtu aliyekaa kimya huvuta hewa kama lita 6 hadi 8 kwa dakika moja, lakini akipanda kilima na mzigo mgongoni hewa hiyo yaweza kufika lita 40 na kuzidi. Maana yake ni kwamba kadiri ajikazavyo ndivyo ajazavyo moshi kifuani. Hapo uvumilivu haumsaidii, wamdhuru.

Radi nayo haijui uvumilivu. Mchana wa siku ile ile, tulipokuwa juu ya vilima kabla ya Lugazi, wingu jeusi lilitokea upande wa ziwa na ngurumo zikaanza. Waliokuwa mbele waliongeza mwendo ili tusichelewe, nasi tukapita kilele kitupu mvua ikitupiga. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini bahati si kanuni. Uganda ni miongoni mwa nchi zipigwazo sana na radi. Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Watoto wale walikuwa shuleni kwao, si juu ya kilima. Baada ya habari kama hiyo, nani atasema kwamba dakika thelathini za kungoja chini ya paa ni woga?

Tena kaka zetu wakumbuke kwamba nchi waliyoipita wao haifanani sana na hii tuipitayo sisi. Mioto sasa yafika mahali ambapo watu hawakuitazamia. Rwenzori, mlima ambao jina lake husemwa kuwa lina maana ya mleta mvua, wenye matope na ukungu karibu mwaka mzima, uliungua sehemu zake za juu Februari 2012. Kilimanjaro, moto ulianza tarehe 11 Oktoba 2020 katika eneo la Whona, ambapo wapandaji wa njia ya Marangu hupumzika kati ya Mandara na Horombo. Uliwaka zaidi ya wiki moja, mamia ya watu wakapanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, na yapata kilomita za mraba 95 ziliungua. Maafisa walisema mwanzoni kwamba moto ule ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Nikiisoma habari hiyo nilifikiri juu ya hao wapagazi. Mtu abebaye mzigo huwa wa kwanza kutajwa shari ikitokea, na wa mwisho kuulizwa kabla haijatokea.

Hayo yanipeleka kwa wasafiri wa zamani, ambao waliijua kazi ya miguu kuliko sisi sote. Kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, na kabla meli hazijaanza kuleta watu na mizigo hapa Port Bell, mtu aliyetoka Mombasa kuja Buganda alitembea yapata miezi mitatu. Mizigo yote ilibebwa vichwani na mabegani. Misafara hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mbele alitembea kirangozi na bendera, akichagua njia. Nyuma walikuwako wanyapara, wakuu wa wapagazi, wakiwatazama waliochoka na walioumwa, wasije wakaachwa porini. Sisemi kwamba misafara ile ilikuwa ya huruma. Wengi walikufa njiani, na wengine waliachwa. Nasema kwamba watu wale, kwa kutembea miaka na miaka, waligundua kwamba msafara wahitaji macho mawili, moja mbele na moja nyuma. Sisi tunalo la mbele tu. Aliye nyuma kwetu hana amri yoyote. Kazi yake ni kuokota chupa zilizoanguka.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tutazame tu hapa ziwani. Kila alasiri twawaona wavuvi wa Port Bell wakitia mitumbwi yao majini. Wakiona wingu limesimama upande wa kusini na upepo umegeuka, wanarudi na nyavu zikiwa kavu. Siku hiyo hawauzi kitu, na nyumbani watoto wangoja. Hasara yao ni kubwa kuliko hasara ya beji. Hata hivyo sijapata kumsikia mtu hapa akimwita mvuvi mwoga kwa sababu amerudi. Humwita mvuvi mjuzi. Vivyo hivyo na mahujaji waendao Namugongo kwa miguu kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, wengine kutoka hata ng'ambo ya mpaka. Huwa wameloa mvua, wamevimba miguu. Na mmoja wao akiugua akapandishwa gari, wenzake hawamwambii kwamba hakuhiji.

Basi nashauri mambo manne, na naomba wanachama wayapigie kura.

Kwanza, mwanafunzi arudiye ili kumsindikiza mgonjwa apewe beji yake kama waliofika, na jina lake lisomwe la kwanza siku ya kugawa. Na mgonjwa aliyesema ukweli juu ya hali yake aruhusiwe kuimaliza sehemu iliyobaki siku nyingine, pamoja na mwanachama mmoja mkubwa. Asianze upya kutoka Port Bell. Hivyo beji haitakuwa rahisi, maana kilomita zitakuwa zile zile 80.

Pili, tuwe na wakuu wawili, wa mbele na wa nyuma, kila mmoja na filimbi yake. Filimbi ya nyuma ikilia, kundi zima lisimame, na mkuu wa mbele asiwe na uwezo wa kuipinga. Kutangulia si kufika.

Tatu, tuwe na alama za hewa zisizohitaji mabishano. Asubuhi ya kuondoka tusimame gatini na kutazama ng'ambo ya ghuba. Ikiwa vilima vya upande wa Ggaba havionekani kwa ajili ya moshi, tungoje jua lipande. Njiani tufanye vivyo hivyo kwa kilima kilicho mbele yetu kabla ya kuteremka bondeni. Wenye simu waweza pia kutazama vipimo vya hewa vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza mwaka 2015. Na radi ikimulika, tuhesabu. Kila sekunde tatu kati ya umeme na ngurumo ni yapata kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya thelathini, tuingie katika nyumba imara au ndani ya gari, wala tusijifiche chini ya mti uliosimama peke yake. Tukae huko mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Nne, ratiba iwe ya siku nne badala ya tatu. Siku ya nne ni akiba. Hewa ikiwa njema tutaitumia kupumzika Mabira na kujifunza majina ya miti. Hewa ikiwa mbaya tutakuwa na nafasi ya kungoja bila hofu. Nimechunguza sana safari zangu mbili, nami naona kwamba haraka ndiyo mama wa mambo mengi mabaya niliyoyaeleza hapa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mengi mno kwa ajili ya kipande kidogo cha bati kivaliwacho kifuani. Ni kweli, beji ni bati. Lakini shule hutumia vitu vidogo kama hivyo kutuambia mtu wa kusifiwa ni nani. Miaka michache ijayo wengi wetu tutakuwa wakuu wa watu: walimu, madereva wa mabasi, manahodha, maafisa, wazazi. Siku moja mtu aliye chini yetu atatuambia kwamba hawezi kuendelea, nasi tutakuwa na haraka ya kufika. Tutakalomjibu siku hiyo twajifunza sasa, kwenye njia ya Jinja.

Kwa kaka zetu wa zamani nina ombi moja. Kanuni hii ni yenu, na bila ridhaa yenu wengi hapa wataogopa kuigusa. Njooni katika mkutano. Tuambieni yaliyowapata ninyi njiani, hata yale ambayo hamkuyasema wakati ule kwa kuogopa kuikosa beji. Nadhani mkisema, tutakuta kwamba vikohozi vilivyofichwa havikuanza mwaka huu.

Na kwa wenzangu: yule ndugu wa kidato cha nne bado yumo shuleni, na Agosti ijayo amejiandikisha tena kwenda. Nilimwuliza atafanya nini yule mdogo akizidiwa mara ya pili. Akaniambia, "Nitarudi naye." Kura yenu itaamua kama atarudi tena mikono mitupu.